Mizani imegoma? Kagua lengo kwanza kabla hujajilaumu

Niseme mapema, mi ni mhasibu, sio daktari na sio mtu wa lishe. Nilihamia Dodoma 2017 na ofisi, kipindi kile serikali inahama Dar, nikiwa na kilo 70 zangu, na huu mji ukanipokea vizuri kupitiliza maana kufika 2022 nilikuwa nasoma 84. Sasa hivi niko 71, imenichukua miezi 14 kushuka na nimekaa hapo hapo mwaka na kitu. Ofisini kila mtu anataka kujua nilikunywa nini. Sikunywa kitu jamani. Nilifanya kile tunachofanya hesabu zikikataa kubalansi, huchani vitabu ukaanza upya, unarudi mstari kwa mstari mpaka upaone pale ulipoteleza. Na mara nyingi nilipopaona nilikuta kosa liko kwenye lengo lenyewe, nililiandika vibaya tangu siku ya kwanza, halafu nikawa najitukana bure kwamba sina nia.

Kwahiyo nimepanga kwa dalili. Tafuta ya kwako, soma sababu, rekebisha hiyo moja kwanza, ukirekebisha tano siku moja hutajua ipi ilikusaidia na ipi ilikuchosha tu.

Dalili: hata hujaanza na tayari umechoka

Lengo langu la kwanza bado lipo kwenye daftari, nimeliandika kwa peni nyekundu: "kupungua kilo 20 kabla ya sendofu ya mdogo wangu". Sendofu ilikuwa imebaki wiki 10. Sasa piga hesabu na mimi. Kilo 20 kwa wiki 10 ni kilo 2 kila wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba kalori kama 7,700, kwahiyo kilo 2 ni 15,400, gawa kwa siku 7 unapata 2,200 za kupunguza kila siku. Mwanamke wa kimo changu, anayeshinda kwenye kiti, anatumia karibu 2,000 kwa siku zote kwa pamoja. Yaani ili nifike kwenye ile sendofu ningetakiwa nisile kabisa na bado nibaki nadaiwa 200. Lengo hilo alijiwekea mtu anayekagua bajeti za wenzie kila siku, ucheke.

Kasi ambayo wataalamu wa afya wanaikubali ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, na kwa wengi wetu wenye watoto na ofisi na vikao vya harusi, hiyo nusu ndo ya kuishi nayo. Nusu kilo kwa wiki ni kama kalori 550 kwa siku. Hiyo 550 iweke kichwani, nitairudia.

Halafu usianzie namba ya mwisho. Chukua asilimia 5 ya uzito wako wa leo, hilo ndo lengo la kwanza. Kwangu kilo 84 zilitoa kilo 4 na kidogo, nikaandika 80, basi. Wengi hawajui kwamba asilimia 5 mpaka 10 tu inatosha kwa watu wengi kuanza kuona presha na sukari zinakaa vizuri, hata kama kwa macho bado unaonekana mnene. Nilivyofika 80 ndo nikaandika 76. Kama marejesho ya kikoba, hakuna anayerudisha milioni kwa mkupuo.

Na jingine, ambalo naona ndo mzizi wa mambo mengi hapa chini: "kilo 80" sio kitu unachoweza kukifanya leo. Huwezi kuamka Jumanne ukafanya kilo 80. Unachoweza kufanya leo ni ugali wa kikombe kimoja cha unga, soda Jumapili tu, na kutembea jioni siku nne za wiki, na usiku ukijiuliza umefanya au hujafanya jibu linakuwa ndio au hapana. Daftari langu lina safu mbili, kushoto namba ya mizani mara moja kwa wiki, kulia vitu vitatu vya kufanya na alama za vema. Siku mizani imenuna naangalia kulia tu.

Dalili: wiki ya kwanza kilo 3, wiki ya tatu hamna kitu

Hii ndo inaua watu wengi. Wiki ya kwanza unapost suruali inapwaya, wiki ya tatu umerudi kwenye chipsi mayai kwa hasira.

Zile kilo 3 nyingi zilikuwa maji. Mwili unahifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu moja ya hiyo akiba inashikilia maji kama gramu 3. Ukipunguza ugali na wali ghafla, akiba inatumika na maji yake yanaondoka, mizani inashuka kwa kishindo, we unadhani ni mafuta. Wiki ya tatu ndo kasi yako halisi inajitokeza. Kosa ni kulipigia lengo hesabu kwa kutumia wiki ya kwanza, kama mtu aliyeuza sana siku ya mnada akapangia bajeti ya mwaka mzima kwa mauzo ya siku ile.

Kama ni wiki 4 kamili mfululizo hamna kinachoshuka na kiuno hakijapungua hata sentimeta, hapo kweli umegoma, na sababu ziko mbili kubwa. Ya kwanza, vipimo vyako vimenenepa kimya kimya, kile kikombe cha unga kilichokuwa flati sasa hivi kina mlima juu. Mi nilikikuta na mlima. Ya pili, mwili mdogo unatumia kidogo, nilivyofika 74 nilikuwa natumia kalori zaidi ya 100 pungufu kwa siku kuliko nilipokuwa 84, upungufu wa ile bajeti ya zamani ukawa umeshuka. Hapo unachagua, upunguze kitu kimoja kidogo au ukubali kasi ishuke. Mi nilikubali ishuke, nilikuwa nimechoka kupunguza.

Dalili: mizani inapanda na kushuka kama bei ya nyanya

Leo 79, kesho 80 na nusu, keshokutwa 79.2. Hujanenepa kilo na nusu usiku mmoja, haiwezekani, hiyo ingetaka kalori zaidi ya 11,000 za ziada. Ni maji, chumvi, choo, na kwa wanawake siku zinapokaribia kilo moja au mbili kupanda ni kitu cha kawaida. Ukila nyama choma mnadani Jumamosi, na ile chumvi na pilipili pembeni, Jumapili mizani itapanda hata kama ulikula kwa adabu, na itashuka yenyewe katikati ya wiki.

Kagua na mizani yenyewe. Wale vijana wenye mizani barabarani wa mia mbili mia mbili sina ugomvi nao, ila mizani yao imekaa kwenye udongo, umepanda na viatu na mkoba na umetoka kula. Ya nyumbani iwe kwenye sakafu ngumu, ukiweka juu ya kapeti inadanganya. Pima siku ile ile ya wiki, asubuhi, umetoka chooni, hujanywa chai. Na chukua futi ya fundi cherehani upime kiuno mara mbili kwa mwezi, maana kuna wiki mizani inasimama na kiuno kinapungua. Kwa wanawake kiuno kikivuka sentimeta 80 hatari ya sukari na moyo inaanza kupanda, wanaume kwenye 94 hapo. Kitambi cha mbele kinahesabika kuliko nyonga, na hii nawaambia hasa kaka zangu wanaosema "mi sio mnene, nina tumbo tu".

Dalili: "nakula kidogo sana lakini sipungui"

Hapa tukae kidogo maana hapa ndo pana mambo.

Mwaka 1992 kulitoka utafiti kutoka New York, walichukua watu wanaosema maneno haya haya, kwamba wanakula kidogo na hawapungui, wakawapima kwa njia za kimaabara. Wakakuta wale watu walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichokuwa wanaandika, kwenye kuandika chakula walikipunguza kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi wakayaongeza kwa asilimia 51. Miili yao ilikuwa inaunguza chakula kama kawaida tu, na wao wenyewe waliamini kabisa wanachosema. Mi pia niliamini. Kwenye uhasibu tunaita matumizi ambayo hayajapitia kwenye kitabu.

Mstari wa kwanza wa kukagua ni mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori kama 120. Huku kwetu alizeti ndo nyumbani, Singida hapo na Dodoma yenyewe, dumu la lita tano linakaa jikoni kama maji, na watu wanasema alizeti haina lehemu. Sawa haina lehemu, ila kalori zake ni zile zile za mafuta mengine yote, gramu moja kalori 9. Dada wa nyumbani alikuwa anamimina kwenye sufuria kwa macho, siku nikamwambia amimine kwanza kwenye kijiko tuhesabu, tukafika vijiko 7 kwenye mchicha wa watu wanne. Mchicha! Ule ambao mi najisifia nakula mboga za majani.

Mstari wa pili ni ugali. Gramu 100 za unga ni kalori kama 360, hata uwe sembe, dona, uwele au mtama zinakaribiana sana. Dona na uwele vina nyuzinyuzi zaidi, unashiba mapema na unakaa muda bila njaa, lakini kuna hii imani mjini kwamba ugali wa uwele unaweza kula mlima kwasababu ni wa watu wa sukari, hapana, mlima ni mlima.

Na hapa niongelee mlenda kwa heshima zote maana nimeolewa Ugogoni na sitaki kesi. Mlenda wenyewe hauna shida, ni majani, kalori chache, ukiwekwa karanga zinapanda kidogo. Shida ni kwamba ugali kwa mlenda hautafunwi. Unateleza. Tonge linaingia, linashuka, lingine liko njiani, na tumbo linahitaji kama dakika 20 kuujulisha ubongo kwamba limeshiba, sasa kwenye dakika 20 za mlenda mtu ameshamaliza sahani mbili. Nilichofanya sikuacha mlenda, ningeachaje, nikaanza kuula na maharage au kipande cha samaki au kuku pembeni, kitu cha kutafuna, na ugali nikapimia jikoni kabla ya kukaa mezani. Kikishapimwa hakuna kurudi sufuriani.

Mstari wa tatu ni vya kunywa. Soda ya chupa ya mililita 350 ni kama kalori 150, sukari tupu. Chai vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, hiyo ni vijiko 9, kalori 140 na kitu na hapo vijiko viwe flati. Juisi ya ukwaju au ubuyu ya kwenye ndoo pale soko la Majengo tamu kweli, ila fikiria ubuyu wenyewe ni mkali kiasi gani mpaka ukawa mtamu vile, imeingia sukari kiasi gani. Bia ya nusu lita ni kama 200. Mvinyo wa hapa kwetu ule mtamu nao una hesabu yake.

Mstari wa nne ndo wa kwetu watu wa ofisi: vikao. Semina za Dodoma haziishi, chai ya saa nne na baitingi, sambusa mbili, kitumbua, kipande cha kuku, halafu saa saba bufee, halafu saa kumi chai tena na keki. Mtu anakuambia "mchana sikula sana". Kweli mchana hakula sana. Karanga za kutafuna mezani nazo, gramu 100 ni kalori zaidi ya 550, na mfuko mmoja unaisha wakati unasoma barua pepe. Zabibu hazina shida hiyo, gramu 100 ni kalori kama 70, msimu ukifika kula, ila usidanganywe na zabibu kavu, zile zimekaushwa maji, sukari imebaki yote, zinafika 300.

Sasa ile 550 yangu niliipata wapi. Ugali kutoka gramu 200 za unga mpaka 120, hapo nimeokoa 290. Soda moja ya mchana nikaacha, 150. Kijiko kimoja cha mafuta kwenye sehemu yangu, 120. Jumla 560. Sikununua mbegu za chia, sikununua unga wa ajabu, sikula saladi peke yangu kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Hizo ndo hesabu zote, na ukitaka kuanza mahali anza hapo, andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku 7 bila kubadilisha kitu, hata ile ya kuonja jikoni, halafu kaa uangalie.

Dalili: unaanza Jumatatu, Alhamisi umeshakufa

Sababu ya kwanza, ulianza na ukali mno. Asubuhi maji ya limao, mchana tango, usiku hamna, siku ya tatu mikono inatetemeka, ya nne unaamka saa sita usiku unakula wali wa baridi umesimama mbele ya friji. Hilo lengo halikuwa la binadamu, liandike upya.

Sababu ya pili ni ile akili ya "nimeshaharibu". Umekula chapati moja ambayo haikuwa kwenye mpango, chapati moja kalori 250 au 300, basi unasema leo imeshaharibika wacha nimalizie na nyama choma na soda mbili, nitaanza Jumatatu. Chapati moja inaisha kwenye hesabu ndani ya siku mbili, ila mpaka Jumatatu ifike umeshaongeza elfu kadhaa. Ukikosea risiti moja hufungi ofisi mpaka mwezi ujao, unarekebisha unaendelea na inayofuata. Mlo unaofuata, sio wiki inayofuata.

Ya tatu, unategemea kitu kiwe mazoea baada ya siku 21 kwasababu kila mtu anasema siku 21. Kuna watafiti wa University College London walifuatilia watu wanaojijengea zoea jipya, utafiti wao ulitoka 2009, wastani ulikuwa siku 66, na kati yao kuna aliyetumia 18 na kuna waliokadiriwa mpaka 254. Na kitu kizuri walichokiona ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mi chai bila sukari ilinichukua kama miezi mitatu mpaka ikaacha kuwa adhabu, kwahiyo ukiwa siku ya 30 na bado inauma hujashindwa, uko katikati.

Halafu wikiendi. Jumatatu mpaka Ijumaa umepunguza 550 kila siku, hiyo 2,750. Jumamosi kicheni pati, Jumapili wageni, ukiongeza 1,400 kila siku umerudi sifuri kamili, na utakuwa unaapa kwamba wiki nzima ulijibana. Kweli ulijibana, siku tano. Mi mwaliko wa wikiendi ni mmoja, na bufee napita mara moja, nyama na mboga kwanza, pilau mwisho likikuta sahani imejaa.

Dalili: mazoezi yapo, kitambi kipo

Mazoezi ni mazuri kwa moyo, presha, usingizi, na yanasaidia sana kutorudi ukishashuka. Ila kwa kushusha yenyewe yana nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mtu wa kilo 80 akitembea kilometa moja anaunguza kama kalori 50 au 60 juu ya ambazo angetumia amekaa. Kilometa 4 ni 220 hivi. Sasa nenda kaangalie vikundi vya jogingi Jumamosi asubuhi, tisheti zimefanana, nyimbo, jasho, raha kabisa, halafu wote wanaishia kwenye supu na chapati mbili na soda. Umetoka na 300, umeingia na 800. Usiache jogingi, acha chapati ya pili.

Lengo la mazoezi nalo watu wanaliandika vibaya, "nitaenda jimu kila siku saa 11 alfajiri", mtu anayekaa mtaa wa Kisasa, ana watoto wa shule, basi la ofisi linaondoka mapema kwenda Mtumba kwenye mji wa serikali. Utaenda siku nne. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, gawa unavyotaka, na siku mbili za kuipa misuli kazi. Mi nashuka vituo viwili kabla ya nyumbani siku nne za wiki. Squati na pushapu za ukutani nafanya sebuleni watoto wakinicheka.

Hali ya hewa hapa usiipuuze, jua la Dodoma la saa nane ni adui, na mwezi wa nane mwezi wa tisa vumbi na upepo vinakufukuza barabarani. Panga saa 12 asubuhi au saa 12 jioni, na uwe na mpango wa ndani kwa siku za vumbi, la sivyo lengo linakufa kila upepo ukivuma. Ukipanda kilima cha Mlimwa nenda na mwenzio na beba maji.

Dalili: mchana uko vizuri, usiku unakula kila kitu

Rudi uangalie mchana wako, sio usiku. Aliyekunywa chai kavu asubuhi na mchana akala tunda lazima usiku amalize sufuria. Weka protini asubuhi na mchana, mayai mawili, maharage, dagaa, maziwa mgando, inakaa tumboni. Usingizi nao, ukilala masaa matano tu kwa usiku homoni ya njaa inapanda na ile ya kushiba inashuka, kesho yake mwili unadai wanga na sukari. Nilikuwa nalala saa saba naangalia tamthilia halafu najiuliza kwanini saa nne asubuhi nataka vitumbua. Na mwezi wa sita wa saba, baridi ya huku na ule upepo, njaa inapanda, uji na chai vinakuwa vingi, usijiwekee lengo kali miezi hiyo, lengo la kutopanda tu linatosha.

Dalili: watu wako ndo wanakurudisha nyuma

Nilivyofika 76 tukaenda Bahi kwa wakwe. Sijashuka hata kwenye gari mama mkwe ananiangalia, "Mwanangu, unaumwa?" Nikasema "Shikamoo mama, siumwi". "Marahaba. Sasa mbona umekauka hivo, mwanangu hakupi hela ya kula?" Mume wangu akawa anaangalia mbuzi. Jioni nikawekewa ugali wa watu wawili, na ukikataa ugali kwa mkwe umekataa ukoo.

Hapa kuna vitu viwili vilivyonisaidia. Kwanza nilimwambia sababu inayoeleweka, sikusema dayati, nikasema "mama, daktari aliniambia presha inapanda nipunguze", na ilikuwa kweli, na presha kila mzazi anaielewa, tangu siku ile yeye ndo mlinzi wangu, mtu akiniongezea chakula anamkemea. Pili, nikiwa kijijini siku mbili nakula, basi, nakula polepole naongea sana. Siku mbili kwa mwezi haziharibu kitu.

Kwa nyumbani usipike chakula chako peke yako, hutadumu. Chakula kimoja, mafuta yapungue kwa wote, tofauti iwe kwenye kipimo cha sahani yako. Watoto wanaokua usiwaingize kwenye bajeti yako.

Dalili ambazo sio za kurekebisha mwenyewe

Kama unapungua bila kujaribu, kilo kama 4 au 5 ndani ya miezi sita kwa mtu wa 80, usishangilie, nenda hospitali, hasa ukiwa na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, homa za jioni au kikohozi kisichoisha. Kama unanenepa ghafla bila kubadilisha chakula, umechoka muda wote, baridi kila saa, siku zimevurugika, kapimwe, tezi ya shingo na mambo ya mayai ya uzazi yanaweza kuwa nyuma yake. Dawa nazo, za jamii ya prednisolone, insulini, baadhi ya dawa za afya ya akili, na kwa baadhi ya wanawake ile sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, zinaweza kuongeza uzito. Usiache mwenyewe, muulize aliyekuandikia kama kuna nyingine. Mjamzito hapungui, aache mpaka ajifungue na anyonyeshe kwa utaratibu wa kliniki.

Na chai za kupunguza tumbo na vidonge vinavyouzwa kwa meseji. Nyingi za zile chai ni majani ya kuharisha, unapoteza maji na choo, mafuta yako palepale, kesho ukinywa maji kilo imerudi. Vidonge ndo vibaya zaidi, sehemu nyingi duniani vimekamatwa vyenye sibutramine iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwasababu ya hatari kwa moyo na kiharusi. Kama haina usajili wa TMDA, ile mamlaka ya dawa na vifaa tiba, usimeze, hata kama aliyekuuzia ni shoga yako.

Dalili: umefika, halafu inarudi

Lengo langu la mwisho lilikuwa 65, maana kwa urefu wangu wa sentimeta 162 hapo ndo BMI, ile hesabu ya uzito kwa urefu, inaingia chini ya 25, mpaka wa uzito wa kawaida. Niko 71, ni 27, kwa kitabu bado nimezidi. Nilijaribu kwenda 68 nikafika 69 nikawa mkali kwa watoto, silali, nawaza chakula muda wote, nikarudi 71 na presha iko vizuri, nikaamua hapa ndo kwangu kwa sasa. Kushikilia nako ni lengo, liandikwe kama lengo. Wengi wakifika namba wanafunga daftari, wanarudisha kikombe cha pili cha unga, na miezi sita baadae wapo pale pale na deni juu.

Kanuni yangu ni moja: nikisoma zaidi ya 73 wiki mbili mfululizo narudi kwenye vipimo, ugali, soda, kijiko cha mafuta, siku hiyo hiyo, sisubiri Jumatatu. Mwezi wa saba uliopita nilisoma 73.4, baridi ile na chapati za jioni, wiki iliyofuata 73.6, nikatoa kikombe kabatini. Mwezi wa tisa katikati nikasoma 71.2.